MUWASHO NA MAUMIVU YA MKOJO KWA WANAWAKE: MAELEZO YA AFYA NA MAFUNZO KUTOKA TARIME NA SERENGETI

Mficha maradhi, walisema wahenga, kifo humuumbua. Katika maradhi yote yanayofichwa majumbani mwetu, ni machache yanayofichwa kama yale yanayompata mwanamke katika sehemu zake za siri. Mwenye homa huitangaza, na mwenye jino hulia mbele za watu. Lakini mwanamke anayewashwa, au anayesikia moto kila anapokwenda haja ndogo, huvumilia kimya kwa wiki nyingi. Hata anapofika kituo cha afya huanza kueleza maumivu ya kichwa au ya kiuno, akisubiri muuguzi amuulize lile ambalo ulimi wake hauwezi kulitamka.

Makala haya yanakusudia kuwaeleza watumishi wa umma na wananchi kwa jumla chanzo cha matatizo hayo, namna ya kuyatambua, namna ya kuyatunza, na wakati ambapo mgonjwa hapaswi kuchelewa kwenda kwa mganga. Mifano mingi imechukuliwa kutoka wilaya za Tarime na Serengeti, mkoani Mara. Msomaji wa visiwani anaweza kuuliza: ya Tarime yanatuhusu nini sisi? Jibu ni kwamba maumbile ya wanawake ni yale yale, maradhi mengi ni yale yale, na kimya ni kile kile. Isitoshe, huko kuna jambo moja linaloonyesha waziwazi hasara ya kutibu maradhi kwa imani badala ya elimu, nalo ni ukeketaji.

1. MWILI ULIVYOUMBWA

Mrija unaotoa mkojo katika kibofu cha mwanamke una urefu wa takriban sentimita 4 tu. Wa mwanamume hufikia kiasi cha sentimita 20. Zaidi ya hayo, tundu la mkojo la mwanamke liko karibu na uke, na uke uko karibu na njia ya haja kubwa. Bakteria wanaoishi katika utumbo bila ya kumdhuru mtu huwa na safari fupi tu ya kufika mahali wasipotakiwa. Hii ndiyo sababu wanawake huugua maambukizi ya njia ya mkojo mara nyingi zaidi kuliko wanaume. Si kwamba wao ni wachafu. Ni umbo walilopewa.

Jambo la pili la kufahamu ni kwamba uke hujisafisha wenyewe. Ndani yake wamo bakteria wema wanaotengeneza tindikali nyepesi, na tindikali hiyo huwazuia wadudu wabaya kustawi. Ute mwepesi usio na harufu mbaya, unaoongezeka na kupungua kufuatana na siku za mwezi, si ugonjwa. Mwanamke anayejiosha ndani kwa sabuni, ndimu, chumvi au dawa kali ya kuua vijidudu huwaangamiza walinzi wake mwenyewe, na mara nyingi ndiye anayerudi kwa mganga na muwasho mkubwa kuliko wa awali.

2. MAUMIVU YA NJE NA MAUMIVU YA NDANI

Wanawake wengi husema "mkojo unachoma", na hapo hapo mtu wa karibu huwashauri wanunue vidonge vya UTI dukani. Lakini mkojo huchoma kwa njia mbili, na ni muhimu kuzitofautisha.

Njia ya kwanza ni maumivu ya nje. Mkojo unatoka vizuri, lakini unapoigusa ngozi iliyochubuka, yenye vipele au yenye kidonda, ndipo moto unapowaka. Mara nyingi mgonjwa huyu huwashwa hata asipokuwa anakojoa, na ngozi yake huwa nyekundu, imevimba au imepasuka. Ugonjwa wake uko kwenye ngozi au ukeni.

Njia ya pili ni maumivu ya ndani. Mgonjwa husikia moto ndani ya mrija wakati mkojo unapita, hubanwa na haja mara kwa mara lakini hutoa matone machache, na huumwa chini ya kitovu. Mkojo unaweza kuwa na ukungu, harufu kali au damu. Ugonjwa wake uko kwenye kibofu au mrija.

Tofauti hii si ya kitaalamu tu. Mwenye maumivu ya nje yatokanayo na fangasi akimeza vidonge vya kuua bakteria, dawa hiyo huwaua bakteria wema wa ukeni, fangasi wakapata nafasi ya kuzaana, na muwasho ukazidi. Kisha hununua vidonge vingine, navyo vikazidisha yale yale. Wako wanaozunguka katika duara hilo mwaka mzima bila ya kupimwa hata mara moja.

3. SABABU ZA MUWASHO WA NGOZI

Sababu zifuatazo ndizo zinazoonekana mara nyingi:

(a) Vitu vinavyoikera ngozi. Hivi ni sabuni zenye manukato, sabuni ya unga isiyosuuzwa vizuri katika nguo za ndani, pedi zenye marashi, nguo za nailoni zinazobana, na nguo mbichi au zenye jasho zinazovaliwa kutwa nzima. Kunyoa kwa wembe butu nako huacha michubuko na vipele.

(b) Fangasi. Dalili yake kubwa ni muwasho mkali na ute mzito mweupe kama maziwa yaliyoganda, usio na harufu kali. Hupata nguvu wakati wa ujauzito, baada ya kutumia dawa za bakteria, na kwa wenye kisukari. Mwanamke anayerudiwa na fangasi mara kwa mara anapaswa kupimwa sukari.

(c) Mabadiliko ya bakteria wa ukeni. Ute huwa mwepesi, wa rangi ya kijivu, wenye harufu kama ya samaki, hasa baada ya tendo la ndoa. Hali hii hutibika kwa dawa. Kujiosha ndani huizidisha.

(d) Maradhi ya kuambukizana kwa kujamiiana, kama kisonono, kaswende, trikomona na malengelenge ya sehemu za siri. Haya hayamalizwi kwa kumtibu mmoja. Malengelenge hurudi kwa vipindi ingawa dawa huyatuliza. Mengine yaliyotajwa hupona, ila mke akitibiwa peke yake na mume akaachwa, ugonjwa hurudi kabla hata dozi haijasahaulika.

(e) Maradhi ya ngozi yenyewe, kama upele na pumu ya ngozi. Upo pia ugonjwa unaoifanya ngozi kuwa nyeupe, nyembamba kama karatasi, na kuwasha sana usiku. Huu hauambukizi na una dawa ya kupaka inayoandikwa na daktari. Usipotibiwa kwa miaka mingi unaweza kuleta makovu, na kwa wachache saratani.

(f) Ukomo wa hedhi. Homoni zinapopungua, ngozi ya uke hukauka na kuwa nyepesi kuchubuka, na maambukizi ya mkojo huongezeka. Mama mtu mzima asiambiwe kwamba "ni uzee tu". Naye ana haki ya kuchunguzwa na kutibiwa.

4. MAAMBUKIZI YA NJIA YA MKOJO

Maambukizi mengi huletwa na bakteria wa utumbo. Wakiishia kwenye kibofu, mgonjwa hupata dalili za ndani tulizozitaja. Wakipanda hadi kwenye figo, hali hubadilika: homa kali yenye kutetemeka, maumivu ya ubavu au mgongo juu ya kiuno, kichefuchefu na kutapika. Huu ni ugonjwa mzito unaohitaji hospitali siku hiyo hiyo.

Mjamzito yumo katika hatari ya pekee. Mimba huubana mfumo wa mkojo na kuulegeza, na bakteria wanaweza kukaa katika mkojo bila ya dalili yoyote, kisha wakapanda kwenye figo na hata kusababisha uchungu kuanza kabla ya wakati. Ndiyo maana kupima mkojo ni sehemu ya huduma ya kliniki ya wajawazito. Mama anayeombwa mkojo asione kuwa ni usumbufu.

Katika vijiji vya Tarime na Serengeti, kama ilivyo kwa vijiji vingi vya nchi yetu, mwanamke hutembea kutafuta maji, hushinda shambani au sokoni, na mara nyingi mahali hapo hapana choo cha heshima. Basi hufanya mambo mawili: hunywa maji kidogo ili asipate haja, na akiipata huizuia hadi jioni. Mkojo unaokaa muda mrefu kibofuni huwapa bakteria nafasi ya kuzaana. Watumishi wa ofisini nao wajichunguze, kwani yuko anayefanya hivyo hivyo kwa sababu choo cha ofisi hakina maji wala komeo.

5. KICHOCHO: TUSIKISAHAU

Si kila mkojo wenye damu ni UTI. Kichocho huletwa na minyoo midogo inayoishi katika mishipa ya damu. Mnyoo huyo alitambuliwa na daktari Mjerumani Theodor Bilharz mjini Cairo mwaka 1851. Mtu hupata kichocho anapoingia katika maji yenye konokono wanaobeba vimelea. Katika Kanda ya Ziwa, kichocho cha tumbo kimeenea zaidi kando ya Ziwa Victoria, na kile cha kibofu hupatikana zaidi katika madimbwi, malambo na vijito vya bara. Hapa kwetu, Unguja na Pemba, kichocho cha kibofu kinajulikana tangu zamani, na kampeni nyingi zimefanywa kukitokomeza.

Kisichojulikana na wengi ni kwamba mayai ya minyoo hiyo hayabaki kibofuni peke yake. Kwa mwanamke huweza kunasa katika uke na mlango wa kizazi, yakaleta muwasho, ute wenye damu, maumivu wakati wa tendo la ndoa na hata ugumba. Mgonjwa wa namna hii mara nyingi hudhaniwa ana ugonjwa wa zinaa, akapewa dawa isiyomfaa na kutiliwa shaka katika ndoa yake. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2015 kijitabu cha picha ili kuwasaidia wahudumu kuutambua ugonjwa huu wanapomchunguza mgonjwa.

Mwanamke aliyewahi kuoga, kufua au kulima mpunga katika maji yaliyotuama amweleze mganga jambo hilo bila ya kusubiri kuulizwa. Mkojo wa kupima kichocho hufaa zaidi ukichukuliwa kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana, kwa kuwa mayai hutoka kwa wingi wakati huo. Dawa yake ni prazikwanteli. Huua minyoo, lakini makovu yaliyokwisha kuota yanaweza kubaki, na kwa hiyo kutibiwa mapema ndiko kunakookoa.

6. UKEKETAJI NA MATATIZO YA MKOJO

Wilaya ya Tarime inapakana na Kenya, na makao makuu ya Wilaya ya Serengeti ni Mugumu. Wakurya ni wengi katika eneo hilo, pamoja na Wangoreme, Waikoma, Wanata na wengineo. Miongoni mwa koo nyingi za huko, msichana kwa desturi hakuhesabiwa kuwa mtu mzima mpaka akeketwe, na asiyekeketwa huitwa omosagane, jina la kumdhalilisha. Wazee wa mila ndio wanaotangaza msimu, na kwa kawaida ngariba hufanya kazi hiyo mwezi wa Desemba, shule zinapofungwa, zaidi katika miaka inayogawanyika kwa 2.

Kinachokatwa huko mara nyingi ni kinembe, au kinembe pamoja na midomo ya ndani ya uke. Eneo lenyewe ndilo lile tulilolieleza: jirani kabisa na tundu la mkojo. Madhara yake kwa njia ya mkojo ni haya:

Katika siku za mwanzo, mkojo unaopita juu ya kidonda kibichi huchoma kiasi kwamba msichana huuzuia. Uvimbe nao unaweza kuuziba mrija, mkojo ukakataa kutoka kabisa. Ili asikojoe, msichana huacha kunywa maji. Mkojo unakuwa mzito, na ukitoka unachoma zaidi. Pamoja na hayo ipo hatari ya kutokwa na damu nyingi, pepopunda na usaha, na wako wasichana waliopoteza maisha.

Katika miaka inayofuata, kovu huweza kuwa gumu, kubana njia au kuugeuza mkojo usitoke kwa mkondo ulionyooka. Mkojo na damu ya hedhi vikibaki nyuma ya kovu, maambukizi hurudi mara kwa mara. Wengine huota vivimbe vya maji chini ya kovu, na wengine hubaki na sehemu ya kovu isiyovumilia hata kuguswa na nguo. Wakati wa kujifungua, kovu halitanuki kama ngozi ya kawaida. Uchunguzi wa Shirika la Afya Duniani uliochapishwa mwaka 2006, uliowahusu wanawake 28,393 katika nchi 6 za Afrika, Kenya ikiwa mojawapo, ulionyesha kuwa waliokeketwa walipata zaidi upasuaji, damu nyingi baada ya kuzaa, na vifo vya watoto wachanga.

Mwanamke ambaye tayari alikeketwa hana kosa, wala hapaswi kuona haya mbele ya mganga. Aeleze, ili atibiwe ipasavyo. Maambukizi yake yatatibiwa kwa dawa, vivimbe na makovu yanayobana huweza kurekebishwa na daktari wa upasuaji, na mkunga akijua mapema hujiandaa vyema kwa uzazi. Mhudumu naye aulize kwa upole na faraghani, asionyeshe mshangao usoni, wala asiwaite wenzake waje kutazama.

Kwa upande wa sheria, Tanzania Bara ilitunga mwaka 1998 Sheria ya Makosa ya Kujamiiana, iliyoingiza kifungu cha 169A katika Kanuni ya Adhabu. Anayemkeketa au kumfanya akeketwe msichana wa chini ya miaka 18 aliye katika uangalizi wake anaweza kufungwa miaka isiyopungua 5 na isiyozidi 15, au kutozwa faini isiyozidi shilingi 300,000, au vyote viwili, pamoja na kumlipa fidia aliyeumizwa. Ifahamike kuwa kifungu hicho kinamtaja msichana wa chini ya miaka 18. Mwanamke mtu mzima anayeshurutishwa na ukoo wa mumewe hakutajwa, na hilo ni pengo ambalo watetezi wa haki wamelilalamikia kwa muda mrefu.

Takwimu za uchunguzi wa kitaifa wa afya zinaonyesha kuwa desturi hii inapungua. Mwaka 1996 wanawake wenye umri wa miaka 15 hadi 49 waliokeketwa nchini walikuwa asilimia 18. Mwaka 2004-05 asilimia 15. Mwaka 2015-16 asilimia 10. Na mwaka 2022 asilimia 8. Mkoani Mara kiwango kilikuwa asilimia 32 mwaka 2015-16 na asilimia 28 mwaka 2022. Kushuka kupo, lakini kwa Mara ni kwa mwendo wa kobe.

Wako waliosimama kuwalinda wasichana. Kituo cha Masanga, wilayani Tarime, kimekuwa kikiwapokea wasichana wanaokimbia msimu tangu mwaka 2008. Mjini Mugumu nyumba salama ilifunguliwa mwaka 2014, na Bibi Rhobi Samwelly, mzaliwa wa mkoa huo ambaye mwenyewe alikeketwa akiwa msichana, aliiongoza. Mwaka 2017 akaanzisha shirika lake la kuwahifadhi wasichana. Baadhi ya wasichana hutembea usiku kufika huko. Wengi hurudi kwa wazazi wao baada ya mazungumzo na ahadi ya maandishi. Wengine hubaki, kwa kuwa nyumbani bado hakuna amani.

7. FUNDISHO LA LAWALAWA

Ipo habari nyingine inayoonyesha jinsi muwasho wa kawaida ulivyogeuzwa kuwa sababu ya kisu. Katika mikoa ya Singida na Dodoma, watu walianza kuzungumza, hasa tangu miaka ya 1970, juu ya ugonjwa uitwao lawalawa. Mtoto wa kike au mwanamke aliyewashwa, aliyetokwa na ute au aliyelia kwa maumivu ya mkojo, alisemwa kuwa ana lawalawa. Iliaminiwa kuwa ni adhabu ya mizimu kwa kuacha mila, na kwamba dawa yake ni moja tu: kumkeketa. Sheria ilipokaza kamba, wengine wakaanza kuwakeketa watoto wachanga, kwa siri, kwa kisingizio cha tiba.

Waganga walipowapima watoto hao waliona ni nini? Maambukizi ya mkojo na ya uke, yale yale tuliyoyaeleza katika makala haya, yanayotibika kwa usafi na dawa ya kawaida ya zahanati. Watoto walipotibiwa na kupona bila ya kukatwa, wanawake wazee wenyewe walianza kusema kuwa zamani lawalawa haikuwako. Elimu ndogo, ikiambatana na huduma iliyo karibu, ilifanya kile ambacho vitisho havikuweza.

Kwa nini imani ile ilishika? Kwa sababu baadhi ya maambukizi hupungua yenyewe baada ya siku kadhaa. Mtoto akikatwa leo na muwasho ukapungua wiki ijayo, sifa hupewa kisu. Hakuna aliyemfuatilia mtoto yule miaka kumi baadaye, anapozuia mkojo kwa sababu ya kovu. Ikumbukwe daima: hakuna ugonjwa wa muwasho wala wa mkojo unaotibiwa kwa ukeketaji.

8. UTUNZAJI WA NYUMBANI

Mwanamke mwenye muwasho mdogo au anayetaka kujikinga azingatie haya:

(a) Aoshe sehemu za nje tu kwa maji safi, mara moja au mbili kwa siku. Akitumia sabuni, iwe isiyo na manukato, na asuuze vizuri. Ndani pasioshwe.

(b) Ajitawaze kutoka mbele kwenda nyuma, na awafundishe mabinti zake hivyo tangu utotoni.

(c) Avae nguo za ndani za pamba zisizobana, azibadili kila siku, azifue kwa sabuni na kuzianika juani. Nguo za ndani huanikwa gizani kwa kuona haya, na unyevu huo ndio makao ya fangasi.

(d) Vitambaa vya hedhi vifuliwe, vianikwe juani hadi vikauke kabisa, na vipigwe pasi inapowezekana. Pedi ibadilishwe kila baada ya saa chache.

(e) Anywe maji ya kutosha, mpaka mkojo uwe mweupe au wa manjano hafifu. Asizuie haja, na akojoe baada ya tendo la ndoa.

(f) Ngozi inayowaka ipozwe kwa kitambaa safi kilicholowekwa maji baridi. Wakati wa kukojoa ajimiminie maji safi ili kuupunguza ukali wa mkojo.

(g) Asipake dawa ya meno, pilipili, majivu, mafuta ya taa wala dawa kali ya kuua vijidudu. Asitumie krimu ya mtu mwingine, kwani iliyomponya jirani inaweza kumdhuru yeye.

(h) Akipewa dawa, aimalize dozi yote hata kama dalili zimeondoka. Dozi iliyokatizwa hufuga bakteria sugu.

9. DALILI ZISIZOSUBIRI

Mgonjwa afike kituo cha afya bila ya kuchelewa akiona lolote kati ya haya: homa na kutetemeka pamoja na maumivu ya ubavu, damu katika mkojo, mkojo kukataa kutoka, kidonda, malengelenge au uvimbe, ute wenye harufu mbaya na maumivu ya tumbo la chini, damu baada ya tendo la ndoa au baada ya hedhi kukoma, muwasho usiopungua kwa wiki moja, au dalili yoyote ya mkojo wakati wa ujauzito.

Mtoto wa kike anayelia anapokojoa apelekwe akapimwe. Mara nyingi ni maambukizi, minyoo au sabuni. Lakini akiwa na jeraha, damu au woga usio wa kawaida, huenda amedhulumiwa. Katika hali hiyo asioshwe na nguo zake zisifuliwe. Apelekwe hospitali na taarifa itolewe kwenye Dawati la Jinsia na Watoto la Polisi. Simu ya bure ya kusaidia watoto ni 116.

10. WAJIBU WETU

Wakuu wa idara wahakikishe vyoo vya wanawake vina maji, komeo na pipa lenye kifuniko, na wasiwanyime ruhusa watumishi wanaokwenda kupimwa, wala wasidai waelezwe ugonjwa mbele za watu. Walimu wasimzuie msichana anayeomba kwenda chooni. Wahudumu wa afya wazungumze na wagonjwa nyuma ya pazia, wapime kabla ya kuandika dawa, na wasimhukumu mtu kwa zinaa kabla ya majibu ya maabara. Waume nao waelewe kwamba muwasho wa mke si ushahidi wa uasherati, na wanapoitwa kutibiwa pamoja naye, wende.

Mama ndiye mwalimu wa kwanza. Binti aliyefundishwa majina ya viungo vyake bila ya matusi na bila ya vitisho ataweza kusema "hapa panauma" siku panapouma. Yule msichana wa Tarime aliyezuia mkojo kwa siku mbili hakuwa na mtu wa kumwambia. Tusiwaache wetu wakafika huko.